Asumini Kuhamia Chungu Kipya

Asumini haipukutishi majani kwa msimu. Hukaa kijani mwaka mzima, na ndipo wengi wanapodanganyika: maadamu majani yapo, mmea ni mzima. Kumbe chunguni mizizi imekwisha kuzunguka ukuta mara kadhaa, udongo umebaki kiganja. Dalili ni maji. Mmea ukimwagiliwa asubuhi, yanachuruzika kitakoni papo hapo, na adhuhuri majani yamelegea.

Katika nyua za Unguja, Lamu na Mombasa, ambako maua yake huingia kwenye vikuba na nywele za akina mama, mwenye mmea kama huo hukimbilia chungu kikubwa kuliko vyote ili asirudie kazi. Tamaa hiyo imeua asumini nyingi. Udongo usiofikiwa na mizizi haunyonywi maji. Unashinda rojorojo na mizizi inaoza. Chungu kinachozidi cha zamani kwa sentimita 5 hivi za upana kinatosha, mradi kiwe na matundu.

Na zile kokoto za chini, eti za kupitisha maji? Hazisaidii. Maji hayaachi udongo laini na kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wenyewe ushibe, kwa hiyo tope linapanda tu kuikaribia mizizi. Kipande cha chandarua kikuukuu juu ya tundu kinazuia udongo vizuri zaidi.

Udongo wa bustani huchanganywa na samadi iliyooza barabara, maana mbichi huunguza mizizi, pamoja na mchanga wa mto. Wa ufukweni una chumvi.

Mmea humwagiliwa jioni ya kuamkia kazi. Chungu hulazwa, hugongwa ubavuni, kisha bonge la udongo hutolewa kwa kushikwa lenyewe, si kwa kuvuta shina. Mizizi iliyojisokota huchanwa kwa kisu wima, mistari mitatu au minne yenye kina cha sentimita moja. Mtu akiionea huruma akaiacha, itaendelea kuzunguka palepale hata chungu kikiwa kipya. Shina hubaki kwenye kina chake cha awali; likifukiwa zaidi, huweza kuoza.

Kivuli wiki moja, mbolea baada ya mwezi. Matawi marefu yapunguzwe kwa theluthi bila woga, kwani asumini huchanua kwenye machipukizi mapya.