Je, Wajua? Kaa Asiyejua Kuogelea Huzaliwa Baharini

Kaa mnazi wa kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ukimtosa baharini atakufa maji. Ajabu ni kwamba utoto wake huanzia humo humo.

Jike hubeba mayai chini ya tumbo kwa wiki kadhaa, kisha hushuka ufukweni na kuyaachia majini, nayo huanguliwa papo hapo. Viluwiluwi, wenye urefu wa milimita chache tu, huelea takriban mwezi mmoja. Wengi huishia vinywani mwa samaki.

Anayenusurika huzama, huokota ganda tupu la konokono, huficha tumbo lake laini humo na kutambaa hadi nchi kavu. Gamba lake mwenyewe likishakuwa gumu, hulitupa lile la kuazima. Akikomaa huweza kufikia kilo 4, na mnazi haumshindi kuupanda.