Mkopeshaji asimame nje ya mlango

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu saa tatu usiku, nikiwa nimemaliza sala na najiandaa kulala. Ulitoka kwenye namba nisiyoijua. Ulimtaja kwa majina yake yote mama mmoja wa parokiani kwetu, ukaambatanishwa na picha yake, ukasema ni tapeli aliyekimbia deni na kwamba mimi ndiye mdhamini wake. Nikitaka jina langu lisichafuke, nimwambie alipe kabla ya saa sita mchana wa siku inayofuata.

Sikuwa nimemdhamini mtu yeyote. Nikadhani ujumbe ule nimetumiwa peke yangu. Asubuhi, baada ya Misa ya saa kumi na mbili, mwenyekiti wa jumuiya yake alinifuata sakristia akiwa nao uleule. Katekista alikuwa nao. Mwalimu wa mtoto wake alikuwa nao. Hata fundi aliyemtengenezea mlango wa nyumba miaka mitatu iliyopita alikuwa nao.

Mama huyo alikuja ofisini siku ya pili, amejifunika khanga mpaka usoni kama mtu mwenye msiba. Ameniruhusu niisimulie habari yake, mradi nisimtaje, maana anasema wako wengine wengi kama yeye walionyamaza.

Mtoto wake alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Biashara yake ya vitumbua haikutosha kununua godoro na sare kwa wakati. Akaona tangazo kwenye simu: mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana. Akaomba shilingi 60,000. Zikaingia 45,000, nyingine zikakatwa juu kwa juu. Baada ya siku saba alitakiwa arudishe 72,000. Siku ya nane ujumbe ulianza kusambaa.

Nilimuuliza, "Mama, namba zetu sote walizipata wapi?"

"Sijui, Padri. Mimi sikumpa mtu namba."

Alikuwa amezitoa bila kujua. Wakati wa kuweka programu ile kwenye simu, yalitokea maswali manne kwa Kiingereza, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na kitufe cha kuruhusu. Alibonyeza mara nne. Kwa kubonyeza huko aliifungulia programu majina yote yaliyo kwenye simu, ujumbe mfupi, picha na mahali alipo. Tangazo lilisema bila dhamana. Haikuwa kweli. Dhamana ilikuwepo, tena kubwa: jina lake jema, na majina ya watu wote anaowafahamu.

Ndugu zangu, Biblia inaijua habari hii. Fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 24, mstari wa 10 na wa 11. Mungu anamwagiza anayemkopesha jirani yake kwamba asiingie nyumbani mwa mkopaji kuchukua rehani. Asimame nje. Mkopaji mwenyewe ndiye aingie ndani na kumletea huko nje kile anachokiweka rehani. Mistari inayofuata inaendelea: kama aliyekopa ni maskini na rehani ni vazi lake, arudishiwe kabla jua halijatua ili apate cha kujifunika usiku. Na mstari wa 6 wa sura hiyohiyo unakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu hilo ni kuchukua uhai wa mtu.

Tazameni jinsi sheria hii ilivyo na adabu. Mungu hakukataza kukopeshana, wala hakumnyima mkopeshaji haki ya kuwa na rehani. Alichokilinda ni mlango. Mtu mwenye deni bado ana nyumba, bado ana mke na watoto ndani, bado ana vitu ambavyo mgeni hapaswi kuvitazama. Deni halimwondolei heshima ya kuwa mwenye nyumba. Yeye ndiye anayeamua nini kitoke nje na nini kibaki ndani.

Sisi tuliokulia kijijini tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Mgeni hupiga hodi. Akipiga mara tatu bila kusikia karibu, hugeuza njia akarudi alikotoka, hata kama mlango uko wazi na anasikia watu wakizungumza ndani. Bwana wetu mwenyewe, katika kitabu cha Ufunuo sura ya 3 mstari wa 20, anasema amesimama mlangoni anabisha, na ataingia kwa yule atakayemfungulia. Yeye aliyeumba nyumba na mwenye nyumba anasubiri akaribishwe. Iweje basi programu ya simu iingie hadi chumbani bila hodi?

Najua kuna atakayesema, "Padri, mimi sina cha kuficha." Nasikia maneno hayo mara nyingi, hasa kwa watu wema. Lakini bafu lina mlango, na si kwa sababu tunatenda dhambi humo ndani. Daktari hufunga mlango anapompima mgonjwa. Yesu alipotufundisha kusali, alituambia tuingie chumbani na kufunga mlango, tusali mbele ya Baba aonaye sirini. Faragha si maficho ya mwovu. Ni mahali ambapo mtu anabaki na nafsi yake na Mungu wake, kisha anatoka mwenyewe, kwa hiari yake, kwenda kwa wenzake.

Kanisa halikuanza kulisema hili baada ya simu kuja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 26, uliitaja haki ya kulindwa maisha ya faragha pamoja na chakula, mavazi, makazi na elimu katika mambo ambayo binadamu anayahitaji ili aishi kiutu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 220, inakataza kuharibu jina jema la mtu isivyo halali, na katika sentensi hiyohiyo inakataza kuvunja haki yake ya faragha. Angalieni mambo hayo mawili yalivyowekwa pamoja. Waliotunga kanuni hiyo walijua kwamba anayeingia kwa mtu bila ruhusa mara nyingi hutoka na kitu cha kumchafua nacho.

Kuna jambo jingine ambalo hata sisi tusiodaiwa linatugusa. Orodha ya majina iliyo kwenye simu yako si mali yako peke yako. Mimi nimo humo, na sikuulizwa. Yumo binti aliyekupa namba yake kwa siri kwa sababu amemkimbia mume anayempiga. Wamo wagonjwa, wamo wafiwa. Unapobonyeza kitufe cha kuruhusu, hujafungua mlango wako tu, umefungua na milango yao. Kwa hiyo hili si suala la mafundi wa kompyuta. Liko ndani ya amri ya kumpenda jirani.

Sisemi haya ili kumtetea asiyelipa deni. Zaburi ya 37 inamhesabu akopaye asilipe kuwa mwovu, na Yoshua bin Sira, sura ya 29, anatuhimiza kurudisha kwa wakati. Wahenga nao walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mama yule alijua anadaiwa, na alilia kwa sababu hiyo pia. Lakini kudaiwa ni jambo moja, na kuvuliwa nguo mbele ya watu ni jambo lingine.

Serikali nayo imeliona tatizo. Mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao zimetumiwa vibaya. Aliyefanyiwa kama alivyofanyiwa mama huyu asikae ndani akilia. Atunze ujumbe wote aliotumiwa na waliotumiwa ndugu zake, kisha apeleke malalamiko. Hata hivyo sheria hufika baada ya mwizi kuondoka. Kufunga mlango mapema ni kazi yetu.

Tufanyeje? Sisi mapadri hatukusomea simu seminarini, lakini nimekaa na vijana wa VIWAWA wakanifundisha, nami nawapa nilichokipata.

Kwanza, kila programu inapoomba ruhusa, jiulize: kazi yake inakihitaji kitu hiki? Programu ya ramani kuomba kujua ulipo ni haki yake. Programu ya tochi haina shughuli yoyote na majina ya ndugu zako. Ukiinyima ruhusa na yenyewe ikakataa kufanya kazi, umeshaijua tabia yake. Ifute.

Pili, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, utafute ruhusa. Humo utaona ni nani anasoma majina, nani anasikiliza kipaza sauti, nani anajua ulipo. Mimi nilikuta mchezo aliouweka mpwa wangu wakati wa likizo ukiwa na ruhusa ya kipaza sauti. Unaweza kuziondoa ruhusa hizo leo hii. Kumbuka tu kwamba yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi.

Tatu, usipakue programu kwa kiungo ulichotumiwa na usiyemjua. Tangu mwaka 2023 Google hairuhusu programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake kusoma majina na picha za mteja. Anayekutaka uchukue programu yake ya mkopo kwa njia ya pembeni, muulize kwa nini hapiti mlango wa mbele. Na kabla ya kukopa popote, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu.

Nne, angalia chombo unachokitumia kinaishi kwa nini. Vipo vyombo vya bure vinavyopata fedha kwa kukufuatilia ili wauze matangazo. Vipo pia vya bure vilivyo chini ya taasisi zisizotafuta faida. Signal, kwa mfano, ni programu ya kutumiana ujumbe inayoendeshwa hivyo, kwa michango ya watu. WhatsApp nayo tangu mwaka 2016 inafunga maneno yenu yasisomwe na wengine njiani, na hilo ni jema, ila ni mali ya kampuni ambayo pato lake kubwa hutokana na matangazo. Sisemi wote tuhame kesho. Nasema tuchague tukiwa macho, kama tunavyochagua bucha au fundi.

Ningeishia hapa, ningekuwa nimewahubiria ninyi nikajisahau mwenyewe.

Siku ile mama alipoondoka ofisini, nilimsindikiza hadi mlango wa kanisa. Tulipita kwenye ubao wa matangazo. Aliinamisha kichwa akaharakisha hatua. Nikageuka kutazama kilichomharakisha. Ilikuwa karatasi yenye muhuri wa parokia na saini yangu: majina ya waumini ambao hawajamaliza mchango wa ujenzi wa ukumbi, na mbele ya kila jina kiasi anachodaiwa. Jina lake lilikuwa la kumi na moja. Karatasi hiyohiyo ilikuwa imepigwa picha na kutumwa kwenye kundi la simu la parokia lenye watu zaidi ya 200.

Nilisimama pale muda mrefu. Usiku wa kuamkia jana yake nilikuwa nimewakasirikia watu nisiowajua kwa kumtangaza mama huyu kuwa mdaiwa. Sisi tulikuwa tumemtangaza kwa miezi miwili, kwenye ukuta wa nyumba ya Mungu, na hakuna aliyelalamika kwa sababu tulizoea. Padri anayeona bora kufa kuliko kutoa siri ya kitubio alikuwa ametia saini siri ya umaskini wa watu wake.

Niliibandua karatasi ile kwa mkono wangu. Dominika iliyofuata niliomba radhi kabla ya baraka ya mwisho. Halmashauri ya walei haikufurahi yote; mzee mmoja aliniambia, "Padri, sasa nani atalipa?" Swali lake lina haki, na jibu kamili sinalo. Tangu hapo mhazini anaongea na kila mmoja peke yake. Fedha zinaingia polepole kuliko zamani. Ukumbi bado hauna paa. Lakini wapo waliorudi kwenye Misa ambao sikujua kwamba walikuwa wameacha kuja kwa ajili ya karatasi ile.

Mama yule jumuiya yake ilimchangia, deni likaisha. Ujumbe uliosambazwa bado umo kwenye simu za watu, na hakuna wa kuurudisha. Anauza vitumbua palepale. Kuna wateja wanaomtazama vingine, anasema, na anawahudumia hivyohivyo.

Leo, baada ya Misa na chakula cha mchana, keti dakika kumi na simu yako. Fungua sehemu ya ruhusa, uwatoe walioingia bila hodi. Kisha fungua na dhamiri yako, uangalie kama huna jina la mtu ulilolibandika mahali. Mwenyezi Mungu, aonaye sirini na asiyetutangaza, awabariki ninyi na nyumba zenu. Nawatakia Dominika njema.