Kipimo Kipi kwa Mtoto wa Iyula?

Mwalimu wa darasa la pili pale Iyula, wilayani Mbozi mkoani Songwe, akimwita mzazi na kumweleza kwamba mtoto haelewi darasani, mzazi huuliza apelekwe wapi akapimwe akili. Ningependa tuanze na swali jingine: tunataka kujua nini? Mtoto asiyeweza kusoma, lakini ukimtuma dukani anarudi na chenji kamili, hafanani na aliyechelewa kuongea na asiyeitika akiitwa jina. Wote wawili hawafanani na yule aliyekuwa akifanya vizuri, kisha akanyamaza baada ya msiba. Wa kwanza apimwe kusoma. Wa pili apimwe ukuaji, kwa jicho la mtu anayeujua usonji. Wa tatu anahitaji mazungumzo ya taratibu kuhusu huzuni na hofu. Ukiwapa wote kipimo cha akili utarudi na alama tatu, na hujui umsaidie nani kwa lipi.

Tena masikio na macho yatangulie. Mtoto anayetokwa usaha sikioni kila msimu wa mvua huenda hasikii sehemu kubwa ya somo. Mama aulizwe pia kuhusu uzazi mgumu, degedege la malaria kali, na kifafa. Hayo huanzia zahanati, na mengine hospitali ya wilaya.

Ikionekana kweli anahitaji kupimwa uwezo wa akili, uliza kipimo hicho kilijaribiwa kwa watoto gani. Watoto wengi wa Mbozi huongea Kinyiha nyumbani, na Kiswahili hukikuta kimeshika hatamu shuleni. Mtoto wa namna hiyo akiulizwa maana za maneno kwa Kiswahili, au vibaya zaidi kwa Kiingereza, kinachopimwa ni lugha. Hata vifaa vina upendeleo. Mwaka 1979 Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Tunduma, alichapisha utafiti wa watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, walioombwa kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza waliongoza. Kwa waya, wale wa Lusaka, waliozoea kujitengenezea magari ya waya, wakawapita. Kwa udongo wakalingana. Fikiria mtoto wa Lusaka angepewa karatasi peke yake: angeandikiwa kwamba ni mzito, na maneno hayo yangemfuata darasa hadi darasa.

Ndiyo maana navithamini vipimo vilivyotengenezwa huku kwetu. Kilifi, Kenya, kuna kipimo cha ukuaji wa watoto wachanga na wadogo. Malawi, ambayo nayo inapakana na mkoa wa Songwe, ina chake kwa watoto hadi miaka sita, kilichochapishwa mwaka 2010 baada ya kujaribiwa kwa watoto wa vijijini.

Wazee nao wasisahaulike. Bibi ambaye hakusoma, ukimpa kalamu achore saa, huenda akashindwa hata kama kumbukumbu yake ni nzima. Watafiti waliofanya kazi Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kifupi cha kuchuja upotevu wa kumbukumbu kiitwacho IDEA. Humo mzee hupanga njiti za kiberiti kwa mfano anaoonyeshwa, hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, na hukumbuka orodha ya maneno. Hahitaji kuandika chochote.

Kwa mtu mzima aliyekosa usingizi na hamu ya kazi, hojaji ya sonona inayotumika sana ni PHQ-9, yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Ipo kwa Kiswahili na imejaribiwa Tanzania. Alama zake huishia 27, na kuanzia 10 mhusika anastahili kuonana na mtaalamu, kwa sababu hojaji huchuja tu, haitoi jina la ugonjwa. Swali la tisa huuliza kama mtu amewaza kufa au kujidhuru. Akijibu ndiyo, jumla ya alama haina kazi tena: asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.