Hisabati: Silaha ya Kwanza ya Mwanauchumi

Hivi karibuni koplo mmoja alifika ofisini kwangu akiwa na karatasi ya masomo mkononi. Mwanawe yuko mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea uchumi, na nia yake ni kwenda Marekani kutafuta shahada ya uzamivu. "Afande," akaniuliza, "mtoto achague masomo mepesi apate alama za juu, au aingie katika hisabati ngumu na kuhatarisha alama zake?"

Ndugu askari, swali hilo si la koplo huyo peke yake. Wengi wetu tunawasomesha watoto kwa mshahara mdogo, na uchaguzi mbaya wa mwaka mmoja waweza kumfungia kijana mlango alioutamani tangu utotoni.

Yafaa tufahamu kwanza kwamba uchumi wa ngazi hiyo huandikwa kwa lugha ya hisabati. Mwaka 1954 Kenneth Arrow na Gérard Debreu walithibitisha kwamba, masharti fulani yakitimia, zipo bei zinazoweza kusawazisha masoko yote kwa wakati mmoja. Hawakuhesabu magunia sokoni, bali walijenga hoja za hisabati hatua kwa hatua. Tena wote wawili walipata kuvaa sare. Arrow alipata shahada ya pili ya hisabati mwaka 1941, kisha akawa ofisa wa hali ya hewa katika jeshi la Marekani. Debreu, mwanafunzi wa hisabati mjini Paris, alijiunga na jeshi la Ufaransa mwaka 1944, na vita vilipokwisha akarudi kumaliza mtihani wake wa hisabati. Arrow alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1972, na Debreu mwaka 1983.

Basi kijana aanze wapi? Aanze na kalkulasi mpaka ile inayoshughulikia vigeu vingi kwa pamoja. Hiyo humfundisha kutafuta faida kubwa kabisa au gharama ndogo kabisa pale mali inapokuwa na kikomo, kama ofisa wa ugavi mwenye malori machache na vikosi vingi vya kulisha.

Pili, asome aljebra ya mistari. Mwaka 1947 George Dantzig, akifanya kazi ya mipango katika jeshi la anga la Marekani, alibuni njia ya kugawa watu na vifaa kwa kutumia milinganyo mingi kwa mpigo. Njia hiyo ingali inatumika viwandani na katika uchumi hata leo.

Tatu, asome nadharia ya uwezekano pamoja na takwimu, kwa kuwa bila hizo hataweza kupambanua sababu ya kweli na jambo lililotokea kwa bahati tu.

Nne ni somo liitwalo uchanganuzi halisi, nalo ndilo waalimu wanaoteua wanafunzi hulitazama kwa makini. Humo mwanafunzi haulizwi jibu ni ngapi, bali huulizwa kwa nini jibu ni kweli. Mimi nilipokuwa kadeti nilikariri kanuni ya kusoma dira bila kuelewa asili yake. Siku tulipopewa ramani ya aina nyingine niliwapoteza wenzangu porini hadi usiku. Aliyekariri hutembea penye njia tu, lakini aliyeelewa hupita hata pasipo njia.

Hata hivyo, ujasiri usio na mpango ni hasara. Kijana asiyapange masomo haya yote katika muhula mmoja, wala asiingie katika uchanganuzi halisi kabla ya kujizoeza kuandika uthibitisho. Alama nzuri katika somo hilo moja hushuhudia mengi kuliko alama za juu katika masomo mepesi kadhaa, lakini akifeli, karatasi yake nayo itasema hivyo. Nafasi ikibaki, ndipo aongeze milinganyo ya mabadiliko au topolojia. Wala asiuache uchumi wenyewe, kwa maana atahitaji barua za waalimu walioiona kazi yake ya utafiti.

Koplo alisikiliza yote, akaikunja karatasi yake. Alisema mwanawe angeanza na aljebra na somo la uthibitisho, kisha mwaka wa tatu aingie katika uchanganuzi halisi. Nikamkumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Nitamwambia ainame, afande," akajibu, "nami nitaendelea kulipa ada." Akapiga saluti, akarudi lindoni.