Mapenzi ya nyumba mbili za majani chai

Filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes, Mei 2018. Nyumbani ilikuwa imeshapigwa marufuku. Kena na Ziki, wasichana wa Nairobi, wanapendana huku baba zao wakigombea kiti kimoja cha siasa. Kisa hicho kilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, “Jambula Tree”, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kisa cha namna hiyo kinastahili kuandikiwa vijana wa Kericho na Bomet pia, na uhasama wa kukibeba upo tayari katika mashamba ya chai. Viwanda vya wakulima chini ya KTDA, shirika la maendeleo ya chai la Kenya, hulipa kila mwezi, kisha bonasi ya kila mwaka. Viwanda binafsi huyafuata majani hayo hayo kwa fedha za haraka. Mkulima anayeuza pembeni huonekana msaliti na wenzake, ilhali yeye ana karo ya kulipa. Mpe mwandishi binti wa mwenye lori linalokusanyia kiwanda binafsi na binti wa mkurugenzi wa kiwanda cha wakulima: hana haja ya kubuni ugomvi. Msomaji atawaonea huruma, kwa kuwa siku zote tumekuwa upande wa vijana wanaotenganishwa na biashara za wazazi. Sioni kwa nini huruma hiyo ikome kwa sababu wote wawili ni wasichana.

Wako watakaosema sheria inakataza. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la ngono, hadi miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Lakini kupenda si tendo hilo, wala kusimulia si kutenda. Riwaya ya vijana haihitaji zaidi ya barua, woga na kushikana mikono. Jaji Wilfrida Okwany alipoiruhusu Rafiki kwa siku saba Septemba 2018, kwa watu wazima tu, alisema hakushawishika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha kutikiswa maadili yake na filamu. Wengine watataja mila. Kati ya Wakipsigis, wenyeji wa Kericho na Bomet, na Wanandi, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenzake ili nyumba ipate mrithi, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika kesi ya urithi. Hayo hayakuwa mahaba, na ni kosa kuyageuza yawe mahaba; lakini yanaonyesha kwamba mila ilijua kupanua mlango pale nyumba ilipohitaji.

Pingamizi zito zaidi ni la mzazi anayehofia mtoto wake. Namheshimu. Ila kijana wa Litein au Sotik mwenye hisia hizi anazo hata kama hakuna kitabu. Anachokosa ni mfano wa maisha yanayoendelea. Kahiu alieleza kuwa bodi ya filamu ilimtaka abadilishe mwisho wa Rafiki, kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Hapo ndipo ninapopinga kwa nguvu zote: kumruhusu kijana asome habari zake kwa sharti kwamba lazima aangamie ni ukatili. Wachapishaji wa Kiswahili, mswada wa namna hii ukiwafikia, usomeni, na mwisho wake msiuguse.