Pange: Nzi anayeangamiza ngamia pasipo na mbung'o

MVUA inaponyesha katika kaunti kame za kaskazini mwa Kenya, mfugaji hupata nyasi na maji. Hata hivyo, neema hiyo huandamana na mgeni asiyealikwa. Ngamia huanza kurusha miguu, kupiga mikia na kukataa kula. Huyo ni pange, nzi mkubwa mwenye macho yanayong'aa, ambaye jamii yake ina spishi zaidi ya 4,000 kote duniani.

Wengi humchanganya pange na mbung'o, ilhali tofauti zao ni dhahiri. Mbung'o akitua hulaza bawa moja juu ya jingine mithili ya makasi yaliyofumbwa, na hudunga kwa mdomo mwembamba kama sindano. Pange, kwa upande wake, hukata ngozi kwa viungo vya mdomo vilivyo kama visu, kisha akainywa damu inayochuruzika.

Wanaouma ni majike pekee. Madume hujilisha maji matamu ya maua. Jike pia huyanywa ili apate nguvu, lakini huhitaji damu kukuza mayai yake. Hutaga mamia ya mayai kwa pamoja, aghalabu kwenye majani yaliyo kando ya maji au matope. Mabuu yakianguliwa huingia topeni na kuwinda minyoo na wadudu wengine kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana vichaka vya kandokando ya mito na vidimbwi hujaa pange baada ya mvua.

Ukali wa maumivu ya pange ndio chanzo cha hatari yake. Ngamia akiumwa hujitikisa, na pange hulazimika kukatiza mlo. Papo hapo humrukia ngamia wa pili, mdomo ukiwa bado umelowa damu ya yule wa kwanza. Iwapo damu hiyo ina vimelea vinavyoitwa Trypanosoma evansi, wa pili huambukizwa maradhi ya surra. Vimelea hivyo viligunduliwa nchini India mnamo 1880 na daktari wa mifugo Griffith Evans.

Vimelea vya surra havikui mwilini mwa pange, jinsi vile vya nagana vinavyokua ndani ya mbung'o. Yeye huvibeba tu, kama kisu kisichooshwa, na baada ya muda mfupi hufa mdomoni mwake. Hii ndiyo sababu surra huenea hata katika maeneo yasiyo na mbung'o hata mmoja.

Ngamia mwenye surra hupata homa inayokuja na kuondoka, hupungukiwa na damu, hukonda na huweza kuharibu mimba. Asipotibiwa, anaweza kufa. Kwa mfugaji anayetegemea maziwa ya ngamia kulisha watoto na kulipa karo, huo ni msiba wa nyumba nzima.

Je, afanyeje? Kwanza, aepushe mifugo na vichaka vya mitoni wakati pange wamezagaa mchana. Wafugaji wengi pia huwasha moto wa moshi kuwafukuza. Pili, ngamia anayeonyesha dalili atengwe na wenzake, kisha daktari wa mifugo aitwe, kwani mgonjwa mmoja katikati ya kundi ndiye hazina ya maambukizi.

Upo pia mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi uitwao Nzi, uliobuniwa humu nchini na kutangazwa kitaalamu mnamo 2002. Hunasa pange na mbung'o vilevile, kwa kuwa rangi hizo huwavutia.

Hata pundamilia ana funzo. Utafiti uliochapishwa mnamo 2019 ulionyesha kwamba pange walimkaribia pundamilia sawa na farasi, ila mara nyingi walishindwa kutua juu ya mistari yake. Ngamia hakujaliwa vazi hilo. Kinga yake ni macho ya mchungaji.