Je, Wajua? Piano Isiyoguswa Nayo Hupotoka Sauti

Je, wajua kwamba piano ikifungiwa chumbani mwaka mzima bila kupigwa, sauti zake bado zitapotoka? Wengi huwalaumu wapigaji wenye mikono mizito, lakini mharibifu mkubwa ni hewa. Chini ya nyuzi kuna ubao mpana wa mti wa sprusi, uliobinuka kidogo. Masika ubao huo hufyonza unyevu, huvimba na kuzisukuma nyuzi. Nyuzi hukazika na sauti hupanda. Kiangazi ubao hukauka, sauti hushuka. Tena nyuzi hazipandi pamoja: za katikati huyumba zaidi, na piano hukosa kupatana yenyewe kwa yenyewe. Mafundi hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50, na zaidi ya yote usiobadilikabadilika. Kwa hiyo usiiweke dirishani wala mbele ya kiyoyozi.

Vibao vya kubonyeza ni 88, lakini nyuzi ni kama 230, kwa kuwa sauti nyingi hutolewa na nyuzi tatu zinazopigwa kwa pamoja. Mvuto wa nyuzi zote hufika tani 15 hadi 20, nao hubebwa na fremu ya chuma cha kusubu. Ndiyo maana piano iliyotelekezwa miaka mingi haitengenezeki kwa mzunguko mmoja. Fundi akikaza nyuzi za upande huu, mzigo mpya huuminya ubao na zile alizokwisha kuzikaza hulegea. Huipitia yote haraka kwanza, kisha hurudi taratibu. Anayekuambia amemaliza kwa nusu saa, mtilie shaka.

Kazi hii ni ya sikio hasa. Claude Montal, kipofu wa Paris, alijifunza kusawazisha piano katika shule ya wasioona, na mwaka 1836 akachapisha kitabu cha kufundisha ufundi huo. Baada yake, wasioona wengi wa Ulaya waliishi kwa kazi hiyo.

Nyundo za piano zinazopiga nyuzi huvikwa sufu iliyoshindiliwa, chakula kitamu cha viwavi wa nondo. Sufu ikigandamana kwa kupigwa sana, sauti huwa kali. Fundi huichoma kwa sindano ili ilainike.

Na vibao vyeupe vya piano za zamani? Pembe za ndovu. Karne ya 19, pembe nyingi zilizobebwa na wapagazi kutoka bara hadi pwani zilipitia Zanzibar, zikaishia Ivoryton na Deep River, miji midogo ya Connecticut, Marekani. Huko zilipasuliwa vipande vyembamba na kuanikwa juani ndani ya nyumba za vioo mpaka ziwe nyeupe. Gizani pembe hugeuka manjano, kwa hiyo mwenye piano kama hiyo na aache kifuniko wazi mara kwa mara. Aipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, maana maji yakipenya chini yake gundi huachia.